Mama Yako Anatembea Tu

Mwalimu wetu wa Sayansi wa darasa la sita alikuwa mwalimu mzuri, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi mpaka leo. Angekuwa mvivu, maneno yake yangeingia sikio hili na kutokea lile. Lakini huyu alijua kufundisha. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, katoka chuoni juzijuzi, anavaa tai ya mtumba aliyoinunua Moshi mjini, na hakuwa anatusomea kitabu kama wenzake. Alileta vitu.

Siku ya kwanza ya somo la nishati alileta jiwe. Akaliweka kwenye ukingo wa dirisha, akatuuliza lina nini. Tukasema halina kitu, ni jiwe. Akalisukuma kwa kidole, likaangukia debe tupu alilokuwa ameliweka chini, na debe likapiga kelele mpaka darasa la tano, upande wa pili wa ukuta, wakanyamaza.

"Kelele hiyo ilikuwa wapi kabla jiwe halijaanguka?" akauliza.

Hatukujua. Akatuambia ilikuwa kwenye jiwe, kwa sababu kuna mtu alilinyanyua. Nguvu za huyo mtu hazikupotea. Zilikaa pale juu dirishani zikisubiri. Siku ile nilirudi nyumbani nikitazama kila kilichowekwa juu, chungu kwenye dari, mkungu kwenye mgomba, ndoo kichwani mwa dada yangu, nikijiuliza kila kimoja kina kelele kiasi gani ndani yake.

Baada ya jiwe ulikuja mpira wa manati, ikaja koroboi, yakaja mawe ya redio, yaani betri, yaliyokwisha na mengine mapya. Vyote ni maghala, alisema. Nishati inahama kutoka ghala hili kwenda lile, inabadilika sura, lakini haipotei. Hata mtori uliokunywa asubuhi ni ghala, na ukikimbia kuwahi mstari unaling'oa kufuli. Nilikuwa na miaka kumi na tatu na sikuwa nimewahi kusikia jambo tamu kama lile shuleni.

Wiki ya tatu ikaja kazi.

Aliandika ubaoni: kazi ni kani mara umbali. Akasukuma dawati, likasogea, akasema hapo amefanya kazi. Akausukuma ukuta mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, akasema hapo hakufanya kazi yoyote, maana ukuta haukusogea. Tukacheka, na haki yetu tulicheka. Kisha akauliza nani atampa mfano mwingine wa mtu anayechoka bila kufanya kazi.  Akageuka dirishani.

Chini ya uzio wa shule ilipita njia, na sehemu ile ya njia ilikuwa tambarare, kama hatua mia mbili hivi, kabla ya kuanza kupanda tena. Saa zile akina mama walikuwa wanarudi kutoka kukata majani ya ng'ombe. Walikuja kwa msururu, kila mmoja na mzigo wa majani uliomfunika mpaka mabegani, huoni uso, unaona miguu na kanga.

"Mmewaona wale?" akasema. "Kani yao inaelekea juu, kuzuia mzigo usianguke. Wao wanaelekea mbele. Mzigo umepanda juu kiasi gani? Sifuri. Kani mara sifuri ni ngapi?"

"Sifuri!" darasa zima likaitikia, na mimi nikiwamo. Hilo nalo sijalisahau. Niliitikia.

"Kwa hiyo wanafanya kazi kiasi gani?"

"Sifuri!"

"Safi. Kisayansi wale hawafanyi kazi. Wanatembea tu."

Darasa likaangua kicheko. Nusu ya waliocheka, mama zao walikuwa kwenye njia hiyo hiyo kila wiki. Nami nikawatazama vizuri, na wa tatu alikuwa mama yangu. Nilimjua kwa kanga iliyochujuka na kwa namna alivyoushika mundu, ncha ikiwa imetazama nyuma. Nikanyoosha mkono.

"Mwalimu, yule wa tatu ni mama yangu."

"Vizuri. Msalimie."

Wakacheka tena.

"Anafanya kazi," nikasema.

"Kwa hisia zako au kwa kanuni iliyoko ubaoni?"

"Ametoka nyumbani kabla hakujakucha, mwalimu. Ametoka porini."

"Sijauliza ametoka wapi. Pale unapomwona, njia ni tambarare au ni mlima?"

"Tambarare."

"Basi mama yako anatembea tu. Kaa chini."

Sikukaa. Sijui nilipata wapi ujasiri. Nilikuwa mtoto mpole, wa kukaa dawati la katikati. Mwalimu akaniita mbele, akanipa kipande cha chaki na kuniamuru niandike mara kumi: Mama anayebeba majani kwenye tambarare hafanyi kazi. Nikaandika. Nilipofika mara ya tano hakuna aliyekuwa anacheka tena, lakini hakuna aliyesema neno pia. Nilimaliza zote kumi, machozi yakinidondokea kwenye vumbi la chaki, na chini yake mwalimu akaweka alama ya vyema.

Nieleze hayo majani yalikuwa nini. Kihamba chetu cha pale Masama kilikuwa kidogo, babu aliwagawia wanawe wanne. Palikuwa na migomba, kahawa chini ya migomba, nyumba, na banda la ng'ombe mmoja. Majani hayakuwepo. Majani yalikuwa porini, ndivyo tunavyoita kule chini kwenye mashamba ya mahindi, mwendo wa saa mbili kushuka mikono mitupu na zaidi ya tatu kupanda na mzigo. Mama alikwenda mara tatu kwa wiki. Ng'ombe alitoa maziwa, na maziwa yalikuwa ya mama: sabuni, chumvi, madaftari yetu, sare zetu. Ng'ombe alitoa pia samadi, na mama huyo huyo aliibeba kwa karai mpaka kwenye mashina ya kahawa. Kahawa ilikuwa ya baba. Ile nguvu ya mama ilipanda mlima ikiwa majani, ikaingia kwa ng'ombe, ikatoka ikiwa samadi, ikaingia kwenye mkahawa, na msimu ulipofika baba ndiye aliyeibeba ikiwa gunia moja la mwisho mpaka chama cha ushirika na kuonekana mkulima. Wakati ule sikuweza kuyasema hivi. Nilijua tu kwamba nimeandikishwa uongo kwa mkono wangu.

Nikafanya kosa la kuyasimulia nyumbani. Nilidhani baba atakasirika. Baba aliweka chini sahani ya kiburu, ndizi na maharage, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka mpaka akapaliwa.

"Kumbe!" akasema. "Miaka yote hii mama watoto anatembea tu!"

Kesho yake aliyapeleka kwenye kilabu cha pombe ya mbege. Kufikia Jumapili, wanaume wa kitongoji chote walikuwa nayo. Wake zao wakipita na kuni: "Mnatembea tu, eeh?" Wakipita na maji: "Sayansi imesema, shemeji." Hata nje ya kanisa, baada ya ibada, mzee mmoja wa usharika aliuliza kwa sauti kama na kuimba kwenye kwaya ni kutembea. Na kila aliyesema aliongeza kwamba ni mimi, binti yao, niliyeyaleta kutoka shuleni.

Mama aliniuliza mara moja tu. Alikuwa anakamua, kipaji cha uso amekiegemeza ubavuni mwa ng'ombe.

"Ni kweli mwalimu amewafundisha hivyo?"

"Ndiyo, mama."

"Kwamba kupanda na mzigo si kazi?"

"Alisema kwenye tambarare tu. Pale chini ya shule."

Akaendelea kukamua. "Pale chini ya shule," akasema, kama mtu anayehifadhi anwani.

Wiki iliyofuata, saa ya mapumziko, nilikuwa uwanjani nilipoona mzigo wa majani unaingia getini. Haukupita njiani. Uliingia getini, ukakatisha uwanja wa mpira, ukaja kusimama mbele ya ofisi ya walimu, na chini yake palikuwa na miguu ya mama, vumbi limepanda mpaka magotini. Watoto wakaanza kukusanyika. Nilitamani ardhi ipasuke.

Mwalimu wetu alitoka na kikombe cha chai mkononi. Mama alimzidi miaka isiyopungua kumi na mitano, lakini mwalimu hakumwamkia. Alisema tu, "Karibu mama, tukusaidie nini?"

"Asante, mwalimu. Naomba unisaidie mzigo huu mpaka kwenye kibao cha shule. Ni tambarare."

Walimu wengine wakachungulia. Mwalimu akatabasamu. "Mama, yale ni mambo ya fizikia. Watoto hawawezi kuyaeleza vizuri nyumbani."

"Mimi fizikia siijui. Najua mzigo. Nisaidie."

Angeweza kukataa. Nadhani ni macho ya watoto yaliyomfanya aweke kikombe chini na kulegeza tai. Ikabidi walimu wawili wamsaidie mama kuushusha, kisha wamsaidie mwalimu kuupandisha. Kwanza mama alimvisha ngata yake kichwani, taratibu kabisa, kama anamvisha mwanawe kofia. Mwalimu akaanza kwenda. Hatua kumi alikwenda sawa. Ya kumi na tano shingo ikaanza kutetemeka, mikono yote miwili imeng'ang'ania kamba. Nilikuwa nazihesabu. Ya ishirini na sita akasimama, akayumba, na mzigo ukamwangukia ubavuni na kumpeleka chini. Kibao kilikuwa bado mbali.

 Mama alimsogelea, akaokota ngata yake, akaikung'uta.

"Umechoka nini, mwalimu," akamuuliza, "na kazi hujafanya?"

Hakuuliza kwa kejeli. Nilimjua mama yangu, alitaka jibu. Mwalimu alijikung'uta suruali, uso umemwiva. Mtu aliyetufundisha kwamba nishati haipotei alikuwa amesimama pale anahema, shati limelowa jasho, na hakuweza kumwambia mwanamke yule nishati yake imekwenda wapi. Jibu alikuwa nalo mgongoni.

Mwalimu mkuu ndiye aliyejibu. Alitoka akamwambia mama kwamba shule si soko wala zizi, aondoe majani yake. Mama akasaidiwa kujitwika na wasichana wa darasa la saba, akaondoka. Asubuhi yake niliitwa mbele ya mstari nikachapwa viboko vinne kwa kuleta ugomvi wa nyumbani shuleni. Mwalimu wetu alisimama na walimu wenzake akitazama. Akina mama waliitwa wavivu darasani na hakuna aliyechapwa. Mmoja aliomba msaada wa mzigo, akachapwa binti yake.

Na nyumbani nako hakukuwa na nafuu. Baba alirudi akiwa amekwishasikia.

"Umemwaibisha mwalimu wa watu. Umeniaibisha na mimi," alisema akiwa bado mlangoni. "Watu wanasema mke wangu hana adabu."

"Nilimwomba anisaidie mzigo," mama akasema. "Wewe hujawahi kunisaidia. Ningemwomba nani?"

"Mzigo wa majani! Majani ni kitu cha kupigia kelele?"

"Si kitu. Basi kesho nenda wewe."

Baba akasema atakwenda, na tena atarudi kabla ya uji kupoa. Aliondoka alfajiri na mundu wa mama. Uji ulipoa. Mchana ukaingia. Alirudi saa tisa alasiri, ana mzigo wa ukubwa wa nusu ya ule wa mama, na alikuwa ameubeba begani, si kichwani, akibadilisha bega kila baada ya nyumba tatu. Majirani ndio walionisimulia. Akautupa mbele ya banda, akaingia ndani, akalala kifudifudi.  Mama alimpashia maji, akamkanda mgongo kwa kitambaa. Nilifikiri mambo yameisha pale, tena vizuri.

Siku ya nne tulirudi kutoka shuleni tukakuta banda tupu.

Baba alikuwa amemuuza ng'ombe. Alikuja mchuuzi kutoka mjini, mmoja wa wale walioanza kuzunguka vijijini na magari miaka ile biashara ilipofunguliwa, wakakubaliana wakati mama yuko sokoni. Baba alikuwa amekaa kwenye kigoda chini ya migomba, na alieleza kana kwamba anatutangazia habari njema: amemwondolea mama tabu. Si alikuwa analalamika juu ya majani? Sasa hakuna majani.

Mama alirudi na kapu lake kichwani. Alisimama kwenye banda muda mrefu, akitazama kamba iliyobaki imefungwa kwenye nguzo. Kisha akauliza, bila kugeuka, "Ulimwondoa akiwa amekamuliwa?"

"Nini?"

"Nauliza kama alikuwa amekamuliwa. Asije akapata tabu njiani."

Sijawahi kumchukia baba yangu kama nilivyomchukia saa ile. Na nilijichukia mimi pia, maana mambo yote yalianzia kwenye mdomo wangu. Tulikunywa chai ya rangi miaka karibu mitano. Dada yangu mkubwa alimaliza darasa la saba akaambiwa madaftari ya sekondari hayapo. Mama alianza kuuza ndizi, akizibeba kichwani mpaka soko lililo mbali kuliko porini. Mizigo haikupungua hata kidogo. Kilichopungua ni maziwa.

Mimi nilipata nafasi ya sekondari mjini, nikawa nakaa kwa shangazi, mtaa wa Soweto wa pale Moshi, naye akanisaidia ada. Huko fizikia ilikuwa kwa Kiingereza, na mwalimu wake alikuwa mwanamke, mfupi, mkali, mwenye koti la maabara lililotobolewa na asidi. Kidato cha pili tukafika tena kwenye kazi na nishati. Alitoa mfano wa mpagazi aliyebeba sanduku kwenye jukwaa la stesheni. Nikafungua kitabu, na mfano ulikuwemo, mpagazi na sanduku lake. Ndipo nilipojua kwamba akina mama hawakuwa kwenye kitabu chochote. Mwalimu wa Masama ndiye aliyewatia, kwa sababu walikuwa wanapita na alitaka tucheke.

Nikanyoosha mkono nikauliza: kama huyo mpagazi hafanyi kazi, kwa nini anachoka?

Nilikuwa nimejiandaa kuandikishwa mara kumi. Mwalimu yule akaweka chaki chini. "Umeuliza swali zuri," akasema. Akaeleza kwamba kanuni inahesabu kazi iliyofanyika juu ya sanduku tu. Mwili wa mpagazi una hesabu nyingine. Misuli ikishikilia mzigo haikai kimya, inajikaza na kulegea bila kupumzika, inakula chakula alichokula, na sehemu kubwa ya nishati hiyo inatoka ikiwa joto. Sanduku halikupata kitu, lakini mpagazi ametoa. "Atakayekwambia mtu huyo hajatumia nguvu," akasema, "hajaielewa hata hiyo kanuni anayoitaja."

Jumamosi ile nilikaa na ramani ya Jiografia, nikatafuta nyumbani na nikatafuta porini. Kati yake mistari ya mwinuko ilionyesha zaidi ya mita mia nne. Nikauweka mzigo wa mama kwenye kilo thelathini, nikauzidisha. Jouli laki moja na elfu ishirini kwa majani peke yake, kila safari, bila kuhesabu mwili wake mwenyewe alioupandisha pia. Hata kwa kanuni ile ile ya ubaoni. Mwalimu alikuwa amechukua hatua mia mbili za tambarare kutoka kwenye mlima wa saa tatu, akazipigia sifuri, na zingine zote akazifuta. Nilikasirika upya, tena zaidi ya siku ile ya chaki, kwa sababu sasa nilijua alivyofanya.

Nilimpelekea mama karatasi ile wakati wa likizo. Nikamweleza yote, jouli, misuli, joto. Alisikiliza akimenya ndizi.

"Hilo joto nililijua," akasema. "Nikifika juu nilikuwa nalikamua kwenye kanga."

Akaniomba nimwachie karatasi. Sikujua anaitakia nini, maana kusoma kwake kulikuwa kwa shida.

Yule mwalimu wa Masama mwenyewe nilikutana naye mwaka uliofuata mjini. Alikuwa ameacha ualimu, kama wengi walivyoacha, ana duka la vipuri vya magari. Shangazi alinituma taa ya gari la jirani, nikamkuta nyuma ya kaunta. Nikamwamkia. Alinikumbuka, akafurahi, akawageukia wateja wake wawili: "Mama wa huyu binti aliwahi kunibebesha majani mbele ya shule nzima! Nikayabeba mpaka kwenye kibao, jamani, na tai yangu!" Wakacheka wote.

"Hukufika," nikasema. "Uliishia hatua ya ishirini na sita."

Akanitazama. "Bado una hasira, binti? Yale yalikuwa mzaha."

"Nilichapwa viboko vinne kwa huo mzaha," nikasema. "Na ng'ombe wetu akauzwa." Nikalipia taa, nikatoka. Sikupata hata faida ya kumwona akiaibika. Alikuwa ameshaanza kumhudumia mteja mwingine.

Ng'ombe wa pili alikuja nilipokuwa kidato cha nne, kupitia kikundi cha akina mama cha usharika. Ulikuwa mpango wa kupewa mtamba wa kisasa. Akizaa ndama jike wa kwanza, unampa mwanamke mwingine. Masharti yalikuwa mawili: banda zuri, na majani yaliyopandwa nyumbani. Banda lilikuwepo. Mahali pa majani hapakuwepo, isipokuwa chini ya kahawa ya baba.

"Nataka mistari miwili ya pembeni," mama alimwambia.

"Kung'oa mkahawa ni kosa. Bwana shamba atatufunga."

"Bwana shamba hajaonekana tangu mwaka juzi. Na kahawa hiyo hujaipiga dawa kwa misimu mitatu."

Ilikuwa kweli. Bei ilikuwa imeanguka, dawa haikununulika, na wanunuzi wapya waliokuja na mizani zao walikuwa wanalipa wanachotaka. Mikahawa ya pembeni ilikuwa vijiti. Baba alisema lakini ni ya baba yake. Mama akauliza, na mgongo ulioitia samadi ulikuwa wa nani. Wakanyamaziana wiki nzima. Jumatatu asubuhi, nikiwa nyumbani likizo, mama alichukua jembe, akaanza na shina la kwanza, nami nikachukua panga nikakata mizizi. Baba alisimama mlangoni akatazama. Shina la sita, alikuja akachukua jembe mkononi mwa mama, na mistari iliyobaki akaing'oa yeye, amekunja uso. Tukapanda matete. Kutoka matete hadi banda zilikuwa hatua kama arobaini.

Siku ya kukabidhiwa mtamba, karani wa mpango alifungua daftari mezani, nje ya kanisa, akauliza jina la mkuu wa kaya.

"Andika langu," mama akasema.

"Mama, fomu inataka mkuu wa kaya. Mzee si yupo hapo?"

"Yupo."

"Sasa?"

Mama akatoa kwenye fundo la kanga karatasi yangu, imekunjwa mara nane, imechakaa kwenye mikunjo. Akaiweka juu ya daftari. "Hiyo ni kazi niliyofanya kwa ng'ombe wa kwanza," akasema. "Safari moja tu. Binti yangu ameipiga hesabu. Ng'ombe yule aliandikwa kwa jina la mkuu wa kaya, na mkuu wa kaya akamuuza."

Karani akaisoma karatasi, nadhani hakuielewa, akamtazama baba. Watu wote wakamtazama baba. Alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili. Ningependa kuandika kwamba aliomba radhi, lakini hakuomba, siku ile wala baadaye, mpaka tulipomzika.

"Andika lake," akasema. "Tunachelewa."

Karani akaandika. Mama hakuweza kusoma upesi, kwa hiyo aliniita nimsomee, na nikamsomea jina lake lote, mara mbili, na akahakikisha kwa kidole. Kisha akafungua kamba ya mtamba kwenye nguzo ya uzio, akatangulia, na sisi tukafuata nyuma.